Skii za mtoto hazinunuliwi, hurithishwa

Yapo mambo mengi ambayo binadamu huyaita vipawa ilhali kwa hakika ni mazoea ya tangu utotoni. Tumwonapo Mkalenjin akitimka mbio za masafa marefu, tunasema kwamba amezaliwa na mbio miguuni. Naye Mnorway ateleapo juu ya theluji, wenzake hunena kwamba alitoka tumboni mwa mamake akiwa amekwisha vaa skii. Kauli za namna hii hupendeza masikioni, lakini zina hila ndani yake. Humwondolea msemaji jukumu la kuuliza maswali mepesi: Ni nani aliyempa mtoto huyo skii za kwanza? Alimpa akiwa na umri gani? Na je, mzazi alizilipia kiasi gani?

Maswali hayo si mageni kwetu Wakenya kama yanavyoweza kudhaniwa. Mwaka wa 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Nagano, Japani, Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika mbio za skii za kilomita 10. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na alianza kujifunza skii nchini Finland mwaka wa 1996, tayari akiwa mtu mzima, kwa ufadhili wa kampuni ya Nike. Alimaliza wa 92, akiwa wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngoja kwenye utepe, akamkumbatia mbele ya ulimwengu mzima, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la bingwa huyo.

Miaka 20 ilipita. Mwaka wa 2018, mjini Pyeongchang, Korea Kusini, akatokea Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyehamia Austria akiwa na umri wa miaka 3. Huyu hakushiriki skii za masafa, zile za kusukuma miguu msituni na tambarareni alizoshiriki Boit. Alishuka milima mikali kwa kasi ya gari, na akawa mwanamke wa kwanza Mkenya kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Boit na Simader ni Wakenya wote wawili. Mmoja alikutana na theluji akiwa na ndevu, mwingine akiwa bado anajifunza kutamka maneno. Tofauti hiyo, nadhani, ina uzito kuliko kabila, damu au rangi ya ngozi.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni lugha. Katika taaluma yetu kuna mjadala mkongwe kuhusu umri na ujifunzaji. Mwaka wa 1967, Eric Lenneberg alichapisha kitabu mashuhuri alimodai kwamba uwezo wa kuipata lugha ya kwanza umefungamana na kipindi maalumu cha ukuaji, kipindi kinachofikia kikomo mwana anapobaleghe. Wanaisimu wangali wanabishana juu ya mipaka ya kipindi hicho, na hata juu ya kuwapo kwake katika lugha ya pili. Hata hivyo, hakuna mwalimu atakayekana kwamba mtoto wa miaka 4 anayeingia katika lugha ngeni kwa njia ya mchezo huipata kwa namna ambayo mtu wa miaka 25 haiwezi. Mtu mzima hujifunza kanuni, na lafudhi yake humfichua. Mtoto hucheza, na baada ya misimu miwili watu husahau kwamba aliwahi kuwa mgeni.

Bila shaka skii si lugha, na mlinganisho wowote una kikomo chake. Lakini katika jambo hili vitu hivi viwili vinafanana. Mtoto mdogo akianguka, huanguka kutoka kimo kifupi. Haoni haya akicheka na kuchekwa, na hana habari kwamba mlima ni hatari. Aidha, hukaa miongoni mwa watoto wengine wanaofanya jambo hilo hilo, naye huiga. Samaki hukunjwa angali mbichi. Ikiwa ndivyo, basi kizuizi kikubwa cha mchezo huu hakimo katika miili ya watoto. Kimo katika bei.

Na bei yenyewe ni ya kutisha. Katika kituo cha Vail, jimbo la Colorado nchini Marekani, tiketi ya siku moja ya mtu mzima inunuliwayo dirishani ilipita dola 300 katika msimu wa 2024/25. Ongeza skii, vishikizi vya kufungia buti, buti zenyewe, kofia ngumu, miwani, glavu na mavazi. Vikinunuliwa vipya dukani, hata vya mtoto mdogo, jumla yake hufikia mamia ya dola. Baya zaidi ni kwamba mguu wa mtoto haungoji. Msimu mmoja, au miwili mtoto akichelewa kukua, buti za jana hazimwingii tena. Mzazi mwenye watoto watatu anayeamua kununua kila kitu kipya kila mwaka hana budi kuwa tajiri. Ndiyo maana katika nchi nyingi mchezo huu umekuwa alama ya tabaka, na mtoto wa mfanyakazi huutazama mlima dirishani tu, kama sisi tuutazamavyo katika runinga.

Hali haikuwa hivyo tangu jadi. Neno lenyewe linatufunza. Asili ya neno skii ni Kinorse cha kale, lugha mama ya Kinorway, na maana yake ilikuwa kipande cha mti kilichopasuliwa. Basi ulikuwa mti tu, uliochongwa na mkulima ili apate kufika kwa jirani wakati theluji imefunika njia. Neno slalomu nalo linatokana na maneno mawili ya Kinorway, moja likiashiria mteremko na la pili likiashiria njia au alama iliyopitiwa. Msamiati huu ulizaliwa vijijini, miongoni mwa watu waliovaa viraka.

Mtu anayetajwa kuwa baba wa skii za kisasa, Sondre Norheim, alizaliwa mwaka wa 1825 katika kijiji cha Morgedal, eneo la Telemark. Alikuwa fukara, mkulima aliyeishi kwenye ardhi ya mwenyewe mwingine. Alichonga skii zake kwa mikono, akasokota matawi membamba yanayopindika na kuyafunga kuzunguka kisigino ili mguu usichomoke arukapo au akatapo kona. Mwaka wa 1868, akiwa na umri wa miaka 42, alishiriki mashindano mjini Christiania, ambao leo huitwa Oslo, akawaacha watu wa mjini vinywa wazi. Alihamia Marekani mwaka wa 1884, na akafia huko, katika Dakota ya Kaskazini, mwaka wa 1897. Uvumbuzi wake haukutoka kiwandani. Ulitoka katika zizi la maskini.

Ubao wa theluji, yaani ule ubao mmoja mpana ambao mtu huusimamia kiubavu, una historia inayofanana na hiyo. Siku ya Krismasi ya mwaka wa 1965, mjini Muskegon, jimbo la Michigan, mhandisi mmoja kwa jina Sherman Poppen alitaka kuwatafutia binti zake jambo la kufanya nje ya nyumba. Alichukua skii mbili, akaziunganisha ubavu kwa ubavu, na watoto wakasimama juu yake wakateremka kilima. Mkewe ndiye aliyekibuni jina chombo hicho: Snurfer. Walimu wenzangu wa Kiswahili watatambua mara moja mbinu ya uhulutishaji, ile iliyotupa chajio kutokana na chakula cha jioni, kwa maana jina hilo limeunganisha neno la Kiingereza la theluji na lile la mtu atelezaye juu ya mawimbi ya bahari. Kijana mmoja aliyeupenda ubao huo, Jake Burton Carpenter, alianzisha kampuni ya kuuboresha huko Vermont mwaka wa 1977. Mchezo wa ubao wa theluji uliingia katika Olimpiki mwaka wa 1998, katika michezo ile ile ya Nagano alimoshiriki Boit wetu. Kwa hiyo, mchezo ambao leo vifaa vyake huuzwa kwa bei ya dhahabu ulianzia kwa mzazi aliyeunga vipande viwili vya mbao ili wanawe wacheze.

Niliishi mjini Oslo miaka kadhaa katika muongo wa 2010, nikisomea shahada yangu ya uzamifu, nikiwa na mke wangu na binti yetu aliyekuwa na umri wa miaka 4. Majira ya baridi ya kwanza yalipowadia, ililetwa barua kutoka shule ya chekechea. Ilisema kwamba kila Alhamisi watoto wangekwenda msituni kwa skii, na wazazi walitakiwa kuwaandalia vifaa. Ufadhili wangu ulikuwa umehesabiwa hadi senti ya mwisho. Nilizuru duka moja, nikasoma vibandiko vya bei, nikatoka kimya. Sikuona uchungu kwa ajili ya mchezo. Nilichohofia ni kwamba kila Alhamisi mtoto mmoja angebaki nyuma na mlezi, akiwatazama wenzake wakipotelea kati ya miti, na kwamba mtoto huyo angekuwa yule yule mwenye jina la kigeni.

Jirani yetu wa orofa ya chini, bibi mstaafu, alipopata habari hizo alituteremsha hadi kwenye ghala la jengo, chini ya ardhi. Alitoa jozi ya skii za masafa zenye urefu wa sentimita 110. Juu ya mbao hizo yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito majina matatu ya watoto, moja chini ya jingine. Tulipouliza bei alicheka. Alisema kwamba skii hizo si mali yake, yeye ni mtu zinakopitia tu. Alitoa masharti mawili: jina la binti yetu liandikwe chini ya yale matatu, na mtoto atakapozipita kwa urefu, sisi wenyewe tumtafute wa tano.

Wa tano tulimpata. Alikuwa mtoto wa familia iliyotoka Kivu, nchini Kongo, ambayo ilihamia mtaa wetu na ambayo tulizungumza nayo Kiswahili, wao chao nasi chetu. Mama yake alizipokea mbao hizo, akazigeuza, akazitazama. "Dada, hizi mbao ni za kufanya nini?" alimwuliza mke wangu. "Ni za kwenda shule," mke wangu akajibu. Sijapata kusikia ufafanuzi sahihi kuliko huo.

Baadaye nilikuja kung'amua kwamba bibi yule hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa sehemu ya utaratibu. Kila msimu wa mapukutiko, shule na vilabu vingi nchini humo huandaa siku ya kubadilishana vifaa, ambapo familia huleta vilivyowabana watoto na kuondoka na vingine kwa bei ndogo. Upo pia mtandao wa vituo vya kuazimisha vifaa vya michezo uitwao BUA, wenye vituo zaidi ya 100 kote nchini. Mtu huazima skii, buti au ubao wa theluji bila malipo, kama aazimavyo kitabu maktabani. Jambo la busara ni kwamba hakuna anayedaiwa athibitishe umaskini wake. Daktari na mfagizi hupanga foleni moja.

Njia zenyewe ni za bure. Chama cha Skiforeningen, kilichoundwa mwaka wa 1883, hutengeneza njia za skii katika misitu inayouzunguka mji wa Oslo, na nyingine zina taa ili watu wateleze jioni. Mtoto hupanda treni ya mjini na skii mkononi, akashuka penye theluji. Sheria ya mwaka wa 1957 inamruhusu kila mtu kupita misituni na milimani pasipo kulipa. Kwa upande wa skii za mteremko, vituo vingi huwaruhusu watoto wa chini ya umri wa miaka 7 kutumia lifti bila malipo, mradi wavae kofia ngumu.

Hali kadhalika, tangu mwaka wa 1987 shirikisho la michezo la nchi hiyo lina kanuni maalumu za michezo ya watoto. Kwa mujibu wa kanuni zilizopo, orodha za matokeo na nafasi hazitolewi kabla ya mtoto kufika umri wa miaka 11, wala hakuna ubingwa wa kitaifa kabla ya miaka 13. Zikitolewa zawadi, basi kila mtoto apate. Wapo watakaodhani kwamba ulegevu wa namna hii huzaa uzembe. Na wajue basi kwamba katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka wa 2022, Norway, nchi yenye watu wasiozidi milioni 6, ilijinyakulia medali 16 za dhahabu, idadi ambayo hadi wakati huo hakuna taifa lililokuwa limeifikia katika michezo ya majira ya baridi. Sidai kwamba kuazimana skii peke yake ndiko kulikoleta dhahabu. Ninachodai ni kwamba bingwa huteuliwa kutoka miongoni mwa wale waliopata nafasi ya kuanza, na kadiri waanzao wanavyokuwa wengi ndivyo uteuzi unavyokuwa bora.

Wahenga wetu walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii ina ukweli wake kwa mtu mzima, ambaye kimo chake hakibadiliki na ambaye anapaswa kujitegemea. Kwa mtoto anayekua, mambo ni kinyume. Chochote umnunuliacho ni cha kuazima, kwa kuwa mwakani hakitamfaa. Tofauti pekee ni kama atakirithisha mwenzake au kitaozea ghalani.

Hata hivyo, si kila kifaa ni cha kurithishwa kiholela. Kwa kuwa baadhi ya wasomaji wana jamaa walioko Minnesota, Ontario, Ujerumani au Skandinavia, na kwa kuwa wanafunzi wetu wengine watakwenda huko na familia zao, nitayaeleza mambo machache niliyoyaona na kuyathibitisha.

La kwanza ni buti, na hizi ndizo muhimu kuliko vyote. Buti za skii za mteremko hupimwa kwa sentimita za urefu wa wayo. Msimamishe mtoto kisigino kikigusa ukuta, upime hadi ncha ya kidole kirefu. Wazazi wa kwetu tumezoea kununua sare ya shule ya kukulia, shati la leo liwe la miaka mitatu ijayo. Mazoea hayo tuyaache mlangoni mwa duka la skii. Mguu unaoelea ndani ya buti hauwezi kuiamuru skii, na tena huingiwa na baridi upesi. Nafasi ya ziada isizidi sentimita 1. Soksi iwe jozi moja ya sufu. Jozi mbili hubana damu na kuleta baridi ile ile inayokimbiwa.

La pili ni urefu wa skii. Skii za mteremko za mwanagenzi zisimame kati ya kifua na kidevu chake. Skii za masafa humpita mtoto kidogo kwa kimo. Kwa mtoto wa miaka 2 au 3, skii fupi za plastiki zinazofungwa kwa mikanda juu ya viatu vya kawaida vya baridi zinatosha kabisa, na ndizo rahisi kuliko zote. Fimbo hazihitajiki katika siku za mwanzo. Humpa mtoto kitu cha kuegemea wakati anapaswa kujifunza kusimama.

La tatu ni vishikizi. Katika skii za mteremko vishikizi vina kazi mbili: kuishika buti mtoto ateleapo, na kuiachilia aangukapo ili mfupa usivunjike. Ni lazima virekebishwe na fundi, kwa kuzingatia uzito, kimo, umri, ustadi wa mtoto na urefu wa soli ya buti. Skii za urithi zikibadilisha mtoto, zirudi kwa fundi. Naye fundi akisema vishikizi hivyo ni vikuukuu mno na hatavigusa, aaminiwe.

La nne ni kofia ngumu. Hiki ndicho kifaa kimoja ambacho singemshauri mzazi akinunue mnadani kwa mtu asiyemjua. Kitambaa kigumu cha ndani kinachokinga kichwa huweza kupondeka kwa kishindo kimoja bila ganda la nje kuonyesha alama. Bora mzazi abane matumizi kwingine, anunue kofia mpya yenye alama ya kiwango cha usalama, ambacho Ulaya huitwa EN 1077.

Mavazi nayo yasimpe mtu homa. Kanuni ni tabaka tatu: sufu karibu na ngozi, fulana nzito katikati, na koti lisilopitisha maji juu. Pamba iepukwe, kwa maana ikilowa jasho hubaki baridi. Nguo hizi za mtumba ni nzuri sawa na mpya.

Ubao wa theluji una tahadhari zake. Vishikizi vyake haviachilii mguu, na mtoto akianguka hutanguliza mikono, kwa hiyo vikinga vya viganja ni akiba nzuri. Ubao uwe mwepesi na laini, usiozidi kidevu. Zipo mbao za sentimita 80 au 90 kwa watoto wadogo sana, ambao huvutwa kwa kamba polepole penye tambarare. Walimu wengi, hata hivyo, hupendelea mtoto aanze na skii, kisha ubao ufuate akifika umri wa shule ya msingi. Na pale ambapo hakuna jirani mwenye ghala wala siku ya kubadilishana, maduka mengi ya Marekani na Kanada hukodisha vifaa vya mtoto kwa msimu mzima, vikachukuliwa wakati wa mapukutiko na kurudishwa theluji iyeyukapo. Gharama yake huwa chini sana kuliko kununua.

Ama kuhusu ufundishaji, nina neno kwa walimu wenzangu. Jambo la kwanza afundishwalo mtoto ni kusimama, na husimama kwa kuzikutanisha ncha za skii mbele na kuvitanua visigino nyuma. Wanorway huita mtindo huo plau, na mtoto wa Uasin Gishu aliyeona shamba likilimwa angeuelewa papo hapo. Katika nchi zinazozungumza Kiingereza, watoto wa mjini hawajui plau, kwa hivyo walimu huwaambia watengeneze kipande cha pizza. Na wanapotaka skii zinyooke sambamba, huwaambia watengeneze chipsi. Hakuna fundisho bora kuliko hili juu ya uteuzi wa msamiati. Mwalimu huanzia kwenye neno ambalo tayari limo kinywani mwa mwanafunzi. Somo nalo liwe fupi, lisizidi saa moja, likatizwe kabla ya machozi, na lifuatwe na chungwa na kikombe cha kakao. Mtoto atakayeondoka akitamani kurudi amekwisha fundishwa nusu ya mchezo.

Singependa msomaji afikiri kwamba huko ni peponi. Majira ya baridi katika sehemu za chini za kusini mwa Norway yanazidi kuwa mafupi kwa sababu ya ongezeko la joto duniani. Penye uhaba wa theluji vilabu hutengeneza ya mashine, na gharama yake huwaangukia wazazi. Wanorway wenyewe wanalalamika kwamba michezo ya watoto wao inazidi kuwa ghali, na kwamba baadhi ya wazazi hushindana kuwanunulia watoto wa miaka 9 vifaa vya bingwa. Utaratibu wa kurithishana hujengwa kwa miaka mingi, na unaweza kubomolewa na kizazi kimoja chenye kiburi cha fedha. Unadumu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mwenye nacho pia huazima. Siku matajiri watakapojitenga na foleni, kuazima kutakuwa aibu, na mtoto wa maskini ataona heri abaki nyumbani.

Ndiyo maana naona kwamba jambo hili linatuhusu walimu na wanafunzi wa Kenya, ambao wengi wetu hatutakanyaga theluji maishani. Tumezoea kuuliza mtoto ana kipawa gani kabla ya kuuliza amepewa nini. Boit hakukosa ushujaa, na mapafu yake hayakuwa na dosari. Alikosa miaka 20 ya utoto juu ya theluji, na miaka hiyo haina duka. Mtoto hupata mchezo kama apatavyo lugha: kutoka kwa watu wanaomzunguka, mapema, bila ankara. Jamii inayoelewa hivyo huandika majina ya watoto wake moja chini ya jingine juu ya mbao zile zile. Isiyoelewa humwuzia kila mtoto mbao zake, kisha ikawashangaa wale wachache walioweza kununua na kuwaita wenye vipawa.